Mkono Kazini, Akili Kazini



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi, na tumeombwa tueleze siri yake. Siri ni hii: mkono ukiwa kazini, akili nayo iwepo.

Sisi wa Bariadi tunalijua hilo tangu shambani. Anayechuma pamba huku mawazo yapo mnadani, huchanganya safi na fifi, na majani humo humo. Akifika kwenye mzani, daraja linashuka na bei inashuka nalo.

Hapa kikundini ni vivyo hivyo. Sanduku letu lina kufuli tatu, lakini hasira haina kufuli. Mwenzetu akichelewesha rejesho, kabla ya kumfokea tunyamaze kidogo, tujiulize: hasira hii ni ya deni lake, au tumetoka nayo nyumbani? Na tunapoomba mkopo: ni haja, au ni kumwiga jirani?

Fedha ikipungua tutachanga tena. Mtu akishaondoka kwa aibu, kumrudisha ni kazi kweli kweli.

Basi akina mama, kila tunapohesabu hisa, tujihesabu na sisi wenyewe.