Hotuba juu ya Mafuta ya Mashine za Seremala



Huenda mmoja wenu akauliza, makarani wana shauri gani na msumeno wa duara? Shauri lipo. Ndio sisi tuandikao hati za kununulia vifaa vya karakana, na mara nyingi twaandika "oili" tu, pasipo kufikiri itapakwa wapi.

Katika karakana moja ya mkoa wetu wa Mara tuliona skrubu ya kupandishia msumeno imepakwa oili chafu ya gari. Unga wa mbao ulikuwa umeshikamana nayo hata ukawa kama ukoko wa ugali. Meza nayo ilikuwa na kutu, na mbao hazikuteleza. Basi fundi akawa akizisukuma kwa nguvu zake zote kuelekea meno ya msumeno. Mkono usukumao hivyo ukiponyoka, vidole haviko mbali.

Sababu yake ni nyepesi. Oili hunasa unga wa mbao, nao unga huinywa oili, vikawa uji mzito. Kwa hiyo mahali palipo wazi pataka kilainishi kikavu. Juu ya meza ipakwe nta, ya nyuki au ya mshumaa, kidogo sana, kisha isuguliwe kwa kitambaa mpaka isinate. Nta huzuia kutu pia, jambo litakalowafaa wenzetu wa Musoma waishio na unyevu wa ziwa. Kwa skrubu na gia zilizo wazi twapendelea unga wa grafiti. Ila huchafua mbao nyeupe, basi usifike mezani. Dawa za kupuliza zenye silikoni tungeziacha kabisa, maana zikigusa mbao, vanishi haishiki vema.

Wenzetu wa Bunda na Butiama, ambao kiangazi huwaletea na vumbi la barabara, waanze kwa kusafisha. Umeme ukatwe kwanza. Uchafu wa zamani usuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, yakauke kabisa ndipo mashine iwashwe. Beringi zilizofungwa zisiguswe, kwa kuwa zilitiwa girisi kiwandani, na mafuta ya taa yakipenya huiosha. Beringi zenye tundu la girisi zipewe girisi. Nta humo haifai, kwani ile ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi.

Basi hati ijayo ya stoo isomeke hivi: nta, unga wa grafiti, brashi ngumu, na girisi ya beringi.