Fedha za Mnunuzi Ziwekwe Amana



Mwaka 2003 kampuni ya Kimarekani, eBay, iliinunua EachNet ya China, ikidhani fedha nyingi na jina kubwa vitatosha. Mwaka huo huo Alibaba ilifungua soko lake la mtandaoni, Taobao. Wenyeji hao hawakuwatoza wauzaji ada. Tena, na hapa ndipo penye kiini, kwa utaratibu wa Alipay fedha za mnunuzi ziliwekwa amana mpaka apokee mzigo na kuridhika. Desemba 2006 eBay ilitangaza kuifunga tovuti yake ya China.

Sisi Tanzania tunatumiana fedha kwa simu tangu 2008. Lakini mwalimu wa Namtumbo anapomlipa kwa simu muuzaji wa Kariakoo asiyemjua, mara nyingi fedha humfikia huyo papo hapo, na mzigo ungali mashakani. Wafanyabiashara wetu wanaotaka kushindana na wageni waanze na amana hiyo.