Mkiulizwa Kutoka Magu



Ndugu zangu wa Manchester, simu hizi sote tumewahi kuzipokea. Mama anapiga kutoka Magu, Tanzania: kuna kijana wa huko kwenu kaleta posa, mshenga amefika, ng'ombe wa mahari wametajwa, mnamfahamu? Nasi tunajibu upesi, "Kijana mzuri, ana kazi yake." Mimi nilijibu hivyo, na nilikuwa nimeshasikia kwa nini mke wake wa kwanza alikimbia. Binti akaolewa; alipoanza kupigwa, wazazi wake hawakuwa na cha kurudisha ili wamtoe. Ng'ombe walishagawanywa.

Salford si mbali na ukumbi huu. Huko, Februari 2009, Clare Wood aliuawa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Polisi walijua kwamba huyo bwana aliwahi kuwatesa wanawake wengine, Clare hakujua. Baba yake, Michael Brown, alipigania haki ya kujua, na tangu Machi 2014 mtu hapa anaweza kwenda polisi kuuliza kama mwenzi wake ana historia ya ukatili. Hata shangazi au rafiki anaruhusiwa. Wakiona kuna hatari, polisi humweleza mhusika faraghani. Tennessee, Marekani, wamekwenda mbali zaidi: sheria ya 2025 imeanzisha daftari la wazi la wanaorudia kosa la ukatili wa nyumbani.

Daftari kama hilo nalitamani kwetu Tanzania. Lakini huandikwa humo waliohukumiwa tu. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumchapa mwenzi, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Malalamiko hufika dawatini, kisha ukoo unaketi, mwanamke anabembelezwa akafute maelezo yake. Mahakama haioni kitu. Mume aliyempiga akioa tena, hana doa. Wanaojua ni majirani, na sisi tulioketi kwenye kikao.

Najua mnaogopa kuitwa wambea. Basi tuseme tuliyo na hakika nayo tu, kwa mzazi aliyeuliza, si kwenye kundi la WhatsApp. Mama wa binti yule nilimpigia mwezi uliopita. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikusema.

Hapa, kuuliza polisi ni 101. Anayepigwa sasa hivi apige 999. Nitakaa meza ile ya mlangoni mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye binti anayechumbiwa aje, tujaze fomu ya kuuliza polisi pamoja.