Nyayo za Laetoli

Huku Kasulu na Kibondo wapo wafundishao kwamba dunia ina miaka 6,000 tu, na kwamba mwanafunzi asemaye vingine ameikana imani. Lakini mwaka 1978, huko Laetoli, zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Tusiogope. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ni nani aliyetuumba na kwa nini. Hakikuandikwa kuhesabu miaka. Naye Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Basi tusimlazimishe mtoto kuchagua kati ya daftari lake na ubatizo wake. Akilazimishwa, huenda akavipoteza vyote viwili. Amina.