Nani Ataandika Habari za Milambo?

Msikilizaji, mwezi Machi mwaka 1872 yalitokea mambo mawili yaliyopishana kwa siku mbili tu. Tarehe 14, pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Stanley aliagana na Livingstone akashika njia ya misafara kurudi Bagamoyo. Tarehe 16, katika uwanja wa Kennington Oval jijini London, ikachezwa fainali ya kwanza ya Kombe la FA. Wanderers wakawafunga wanajeshi wa Royal Engineers bao moja kwa bila.

Wanderers walitwaa kombe hilo mara tano ndani ya miaka saba, kisha wakafifia hadi wakafa. Ilikuwa timu ya mabwana waliosoma shule za wenye nacho. Shule zile zilipoanza kuwa na timu za wahitimu wao, kila mchezaji akarudi kwao, na ilipofika katikati ya miaka ya 1880 hakukuwa tena na timu ya kupanga. Lakini hadi leo inajulikana kwamba bao lile la 1872 alilifunga Morton Betts, aliyecheza kwa jina la bandia la A. H. Chequer, na kwamba nahodha alikuwa Charles Alcock. Yanajulikana kwa sababu kuna walioandika, na wapo waliotunza.

Sasa tuje kwetu. Tabora ilikuwa na Milambo. Miaka ya 1990 timu hii ilikuwa ligi ya juu ya nchi, ligi moja na Simba na Yanga, ikibeba jina la Unyamwezi mbele ya Tanzania nzima.

Na jina lenyewe si la kupita hivi hivi. Milambo ni Mtemi Mirambo wa Urambo, ndiye aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Agosti 1871 watu wake waliingia mjini, Khamis bin Abdullah akauawa, na Stanley mwenyewe akiwa hapo Kwihara akajiandaa kwa kushambuliwa. Njia ya Ujiji ikafungwa, pembe za ndovu zikakwama, na bei zikatikisika hadi Zanzibar. Vita vile vilidumu miaka kadhaa. Mirambo alifariki mwaka 1884. Tazama basi: mji ule ule aliouvamia ndio ulioipa timu yake jina lake, ukaipa na shule ya sekondari, na kambi ya jeshi. Watu wa Tabora walikuwa na majina mengi ya kuchagua, ya matajiri na ya wageni, wakamchagua mtemi. Kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa kuliko kombe.

Milambo ikashuka, ikapotea. Baadaye wakaja Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, wakacheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huo huo. Kisha ikahamia Kitayosce, iliyotokea Kilimanjaro. Agosti 2023 iliingia uwanjani kwa Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, na mchezo ukavunjika. Ikaitwa Tabora United. Novemba 2024 ikaifunga Yanga mabao matatu kwa moja, kwao Dar es Salaam, na Tabora ikalala kwa furaha. Mwaka 2025 ikawa TRA United, na jina la mji likaondoka.

Siwalaumu walioweka fedha zao. Bila fedha timu haisafiri wala haisajili. Ninachosema ni kwamba mji wetu umezoea kuazima timu, na timu ya kuazima huondoka na mwenyewe. Mwanza walikuwa na Pamba, ikashuka, ikakaa nje zaidi ya miaka 20, lakini jiji likaishika mkono, na mwaka 2024 ikarudi Ligi Kuu ikiitwa Pamba Jiji. Milambo nani ameishika mkono?

Pale Kwihara ipo nyumba ya makumbusho ya Livingstone, mgeni aliyekaa hapo miezi michache tu ya mwaka 1872. Ni vizuri kuitunza. Lakini waliovaa jezi ya Milambo ni wazee wetu, wengine bado tunakutana nao sokoni na msikitini, na wengine tumeshawazika.

Kwa hiyo ninaiomba halmashauri ya manispaa itenge chumba, hata kabati moja, kwa ajili ya michezo ya Tabora. Ninawaomba walimu wa Milambo Sekondari wawatume wanafunzi wakawahoji wachezaji hao na kuandika vikosi, mabao na safari zao. Na wewe msikilizaji, kama marehemu baba yako aliacha picha ya kikosi, jezi au kadi ya uanachama, usiichome wala usiitupe. Andika nyuma yake majina ya waliomo na mwaka, wiki hii, wakati bado yuko wa kukutajia.