Tandiko Salama la Vifaranga: Kagua Kabla ya Kununua



Anunuapo vifaranga, mfugaji huuliza aina, umri na chanjo. Ni nadra kuuliza habari za tandiko, ilhali kifaranga hulala, hutembea na hudonoa juu yake usiku na mchana. Fedha iliyopatikana kwa jasho la msimu mzima wa pamba yaweza kupotea kwa sababu ya gunia moja la tandiko bovu.

Miongoni mwa matandiko yanayofaa ni maganda ya mpunga kutoka mashine za kukoboa, na maranda kutoka kwa mafundi seremala, sharti yawe makavu na safi. Vumbi laini la msumeno halifai. Kifaranga hulidhania chakula, akalimeza hata likamziba tumbo. Tena humdhuru pumzi. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa au rangi yaweza kuwa na sumu. Muulize fundi asili ya mbao kabla ya kulipa.

Fungua gunia, uingize mkono hadi katikati. Ukihisi unyevu au joto, ukinusa uvundo au ukiona ukungu, liache, hata kama bei ni ndogo. Vumbi la ukungu huingia mapafuni mwa vifaranga na laweza kuwaua. Wala usibebee tandiko katika mifuko iliyohifadhi viuatilifu vya pamba, ijapokuwa imefuliwa.

Nyumbani, tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo, funika kwa karatasi ngumu zenye kukwaruza, ili vifaranga wajifunze kula chakula badala ya tandiko. Karatasi zenye kuteleza huwapanua miguu, wakalemaa.

Kisha kagua kila siku. Chukua konzi moja uiminye: ikibaki donge, tandiko limelowa, liondoe, unyevu hustawisha vimelea vya kuhara damu. Chutama hadi usawa wa vifaranga uvute pumzi. Harufu ikikuwasha macho, jua kwamba wao wanaivuta saa zote.

Mwenye shaka amwone Afisa Mifugo wa kata yake mapema, kabla kifaranga wa kwanza hajafa.