Bodi Nyembamba, Sakafu Pana: Vipimo vya Katamarani ya Mashine kwa Bahari ya Mtwara

Fundi wa vyombo wa Mikindani au Msimbati hahitaji kuambiwa kwamba chombo chembamba hukimbia. Ngalawa humwonyesha kila siku: gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba hata mvuvi hukaa ukingoni, na matengo mawili yaliyotandazwa ubavuni lisipinduke. Gogo linapasua maji, matengo yanashika mizani. Mada hii, iliyoandaliwa kwa mafundi na manahodha wa Chuno na mwambao wa Ruvuma, inadai kwamba katamarani ya mashine, yaani chombo cha bodi mbili zilizounganishwa kwa sakafu, hugawa kazi vivyo hivyo, na kwamba inaharibika pale fundi anapoibebesha bodi kazi ya upana.

Chombo kikienda huzaa wimbi omoni. Kasi ikiongezeka wimbi hurefuka, mpaka likalingana na urefu wa chombo. Hapo chombo hukaa katika bonde la wimbi lake chenyewe, na mashine hunguruma bila faida. Kwa boti ya kawaida yenye mita 10 majini, kikomo hicho kiko karibu na kilomita 14 kwa saa. Boti za faiba hukivuka kwa kupanda juu ya maji, na hulipa kwa petroli. Katamarani hukivuka kwa wembamba: kila bodi ikiwa na urefu mara 10 hadi 14 ya upana wake kwenye usawa wa maji, wimbi lenyewe huwa dogo, na kikomo hakisikiki sana. Lakini bodi mbili zina ngozi kubwa zaidi ya kusuguana na maji, kwa hiyo nahodha anayejikokota kilomita 10 kwa saa akitega nyavu hana sababu ya kuitamani.

Tuchukue mfano wa karatasini: bodi mbili, kila moja mita 10 kwa sentimita 80, zikigusa maji kwa robo tatu ya mstatili huo. Eneo lote ni mita za mraba 12. Kila kilo 120 hivi za shehena huizamisha kwa sentimita moja, na tani moja na nusu huishusha sentimita 12. Boti ya bodi moja yenye mita 10 kwa 3 ingeshuka sita na nusu tu kwa mzigo huohuo. Hapa ndipo kishawishi huingia. Mwenye chombo anataka magunia zaidi ya korosho, fundi ananenepesha bodi hadi mita moja na nusu, na kinachoshushwa majini ni boti mbili nzito zilizofungwa pamoja.

Dawa ni kurefusha bodi, au kukataa mzigo.

Upana unaofaa kuongezwa ni ule wa kati ya bodi. Uwezo wa kujizuia kulala ubavu hukua kwa mraba wa umbali huo: ukitoka mita 3.2 hadi 4, kati hadi kati, unapata zaidi ya mara moja na nusu. Bodi zikikaribiana mno, mawimbi yake hugongana katikati na kurundikana chini ya sakafu. Thuluthi ya urefu ni pa kuanzia. Ukizidisha, boriti zinazoziunganisha hubeba msokoto mkubwa, chombo huongezeka uzito, na mtikisiko wake huwa wa ghafla, abiria wakatapika upesi kuliko ndani ya jahazi.

Mfano wa upana huo ni katamarani ya Hoverspeed Great Britain, iliyojengwa Hobart, Tasmania, iliyovuka Atlantiki mwaka 1990 kwa wastani wa karibu kilomita 68 kwa saa. Ilikuwa na mita 74 kwa 26, na sehemu kubwa ya hizo 26 ilikuwa hewa. Hobart hiyohiyo ndiko zilikojengwa baadhi ya boti za Kilimanjaro za Azam Marine, ambazo msafiri wa Dar es Salaam na Unguja anazijua.

Mtwara haina haja ya kasi hiyo. Inahitaji chombo kisichozama kina kirefu, maana mdomo wa Ruvuma umejaa mafungu ya mchanga, na maji ya bamvua yakitoka huacha sehemu kubwa kavu. Mwandishi angependelea bodi yenye urefu mara 10 ya upana kuliko 14, ili shehena ipate nafasi, na angetumia pesa iliyobaki kuinua sakafu. Wakati wa kusi, sakafu iliyo chini hupigwa na wimbi kwa mshindo unaolegeza misumari. Tena kimo chake kipimwe chombo kikiwa kimejaa, kwa kuwa zile sentimita 12 hutolewa humohumo.

Kuhusu mashine, moja iliyofungwa katikati huvuta hewa mawimbi yakichafuka. Mbili, kila moja kwenye tezi ya bodi yake, hugeuza chombo papo hapo, moja ikienda mbele na nyingine nyuma, jambo linalofaa sana gatini Msanga Mkuu. Bei yake ni mashine mbili za kutunza, na chombo cha upana wa mita 5 hakiingii katika kila mkondo wa mikoko.